Moto ukiwaka nawe uko ghorofa ya 20: Ushuke, ubaki au usubiri lifti?

Muulize mtu anayefanya kazi kwenye jengo refu katikati ya Dar es Salaam au Nairobi lifti ipi huwa haisumbui, atakujibu palepale. Sasa muulize ngazi ya dharura iko wapi, na ukishuka nayo unatokea upande gani wa jengo. Hapo wengi wataanza kukuna kichwa.

Siku za kawaida hilo halina shida. Lakini majengo yetu yanazidi kwenda juu. Britam Tower ya Nairobi ina urefu wa mita 200, na UAP Old Mutual Tower nayo ina mita 163. Dar nako, minara ya PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari vina urefu wa takriban mita 150. Asubuhi watu wanapanda huko juu kwa lifti ndani ya dakika moja, kikombe cha chai mkononi. Moto ukitokea, kushuka ni habari nyingine kabisa.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujayahitaji.

Kwa nini jengo refu ni kesi tofauti?

Kwenye nyumba ya kawaida, moto ukiwaka unatoka nje mbio na maisha yanaendelea. Kwenye jengo refu kuna mambo matatu yanayobadilisha hesabu.

La kwanza ni ngazi za magari ya zimamoto. Nyingi hufika kama mita 30 hivi, au zaidi kidogo. Ukikadiria mita tatu kwa kila ghorofa, hiyo ni kama ghorofa ya 10. Yapo magari yenye uwezo wa kufika juu zaidi, lakini ni machache na ni ghali. Kwa hiyo aliye ghorofa ya 20 asijenge matumaini ya kuchukuliwa dirishani kama kwenye filamu. Zimamoto wenyewe watapanda kwa ngazi za ndani kumfuata, wakiwa wamebeba mipira ya maji na mitungi ya hewa mgongoni.

La pili ni muda. Watu ni wengi, ngazi ni mbili au tatu, na zote ni nyembamba.

La tatu ni moshi. Huu unahitaji maelezo yake peke yake.

Moshi unaua kabla ya moto

Watu wengi wanaokufa kwenye moto wa majengo hawafi kwa kuungua. Wanakufa kwa kuvuta moshi. Ndani yake kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Unaanza kuchanganyikiwa, miguu inaisha nguvu, unalala usingizi ambao huamki.

Moshi wa moto ni wa joto, na kitu cha joto hupanda. Jengo refu lina mashimo mengi ya kwenda juu: njia ya lifti, njia za mabomba, njia za nyaya, na ngazi zenyewe. Moshi ukipata upenyo, mashimo hayo yanafanya kazi kama bomba la moshi la jikoni. Moto unaweza kuwa ghorofa ya 5 na mtu wa ghorofa ya 18 akaanza kukohoa.

Ndiyo maana milango ya kuingia kwenye ngazi za dharura ni mizito na inajifunga yenyewe. Kazi yake ni kuzuia moto na moshi usiingie kwenye ngazi. Baadhi ya majengo ya kisasa yana feni kubwa zinazosukuma hewa safi ndani ya ngazi, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke badala ya moshi kuingia. Sasa fikiria mlango huo umewekewa tofali au kiti usijifunge kwa sababu watu wamechoka kuusukuma, au kwa sababu wanapenda upepo. Tofali moja tu, na mfumo wote wa mamilioni umekwisha kazi.

Lifti: kwa nini tunaambiwa tusiiguse

Sababu zipo nne, na ni vizuri kuzijua kuliko kukariri kibao cha ukutani.

Umeme unaweza kukatika mkabaki mmekwama kati ya ghorofa mbili. Njia ya lifti inaweza kujaa moshi. Lifti inaweza kuitwa au kusimama kwenye ghorofa ileile inayowaka, na milango ikafunguka mbele ya moto. Na lifti ikiwa salama, zimamoto wanaihitaji ili wapeleke watu na vifaa juu. Majengo mengi ya kisasa yamepangwa hivi: kengele ikilia, lifti zinashuka zenyewe hadi chini na kukaa hapo.

Lakini siku hizi kuna majengo ambapo lifti maalumu ni sehemu ya mpango wa kuwatoa watu. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828 na ghorofa zaidi ya 160, ni mfano mmojawapo. Huwezi kumwambia mtu wa ghorofa ya 120 ashuke kwa miguu bila kupumzika. Kwa hiyo jengo lile lina maeneo ya kujihifadhi yaliyojengwa kuhimili moto na kupelekewa hewa safi. Watu wanashuka kwa miguu hadi hapo, kisha lifti zilizokingwa na zinazoendeshwa na watu waliofunzwa zinawachukua.

Tofauti ni hiyo. Kama hujaambiwa na wahusika wa jengo lako kwamba lifti fulani ni ya dharura, basi haipo. Shika ngazi.

Kushuka kunachukua muda gani?

Jibu zuri kuliko yote limetoka New York, na limetoka kwa gharama kubwa.

Mwaka 1993 bomu lililipuka kwenye maegesho ya chini ya World Trade Center. Watu sita walikufa. Taa zilizimika, moshi ukapanda kwenye ngazi, na maelfu ya watu walishuka gizani wakipapasa ukuta. Kuwatoa wote kulichukua zaidi ya saa nne. Baada ya hapo wamiliki waliweka taa za dharura, wakapaka ngazi rangi inayong'aa gizani, na wakaanza kufanya mazoezi ya dharura.

Septemba 11, 2001, ndege zilipogonga minara yote miwili, maandalizi hayo yalionekana. Taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na viwango, NIST, ilichunguza tukio lile kwa miaka kadhaa. Ilikadiria kuwa watu takriban 17,400 walikuwa ndani ya minara, na asilimia 87 hivi walitoka salama. Miongoni mwa waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa, karibu wote walipona.

NIST ilipata pia kasi ya kushuka. Katika mnara wa kaskazini, mtu alitumia wastani wa sekunde 48 kwa kila ghorofa. Ni polepole kuliko wataalamu walivyodhani. Ngazi zilikuwa zimejaa, zimamoto walikuwa wanapanda huku wengine wanashuka, na wapo waliokuwa wagonjwa au wamechoka.

Piga hesabu ya jengo lako. Ghorofa ya 10, dakika 8. Ghorofa ya 20, dakika 16. Ghorofa ya 30, dakika 24. Na hapo hatujahesabu dakika ulizopoteza kutafuta chaja na kuzima kompyuta.

Dakika hizo za mwanzo zina uzito. Mnara wa kaskazini uligongwa saa 2:46 asubuhi, wa kusini saa 3:03. Katikati hapo palikuwa na dakika 16 au 17. Tangazo la ndani ya mnara wa kusini liliwaambia watu kuwa jengo lao liko salama na wanaweza kurudi ofisini. Baadhi walirudi. Wengine waliendelea kushuka kwa ngazi, na kwa lifti ambazo bado zilikuwa zinafanya kazi, na NIST ilikadiria kuwa watu kama 3,000 walipona kwa sababu hiyo.

Mmoja wa waliokataa kusubiri alikuwa Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley. Kwa miaka mingi alikuwa akiwalazimisha wafanyakazi kufanya mazoezi ya kushuka ngazi wawili wawili, na wapo waliomwona msumbufu. Siku ile alichukua kipaza sauti na kuwaamuru washuke. Wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa takriban 2,700 na karibu wote walitoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, na hakuonekana tena.

Kubaki au kushuka?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu ushauri unaweza kutofautiana kati ya jengo na jengo.

Kwenye ofisi ndefu, mara nyingi hawatolewi watu wote kwa mpigo. Wanaanza walio kwenye ghorofa inayowaka, na ya juu yake na ya chini yake. Wengine wanasubiri tangazo. Lengo ni kuzuia msongamano kwenye ngazi ili walio hatarini zaidi wapite kwanza.

Kwenye majengo ya makazi, nchi kama Uingereza zilizoea ushauri wa kubaki ndani. Kila nyumba imejengwa kama sanduku: kuta za zege, sakafu ya zege, mlango unaohimili moto. Moto ukiwaka kwa jirani, utabaki kwa jirani mpaka zimamoto wafike. Ushauri huo ulifanya kazi kwa miaka mingi.

Haukufanya kazi Grenfell Tower, London, Juni 14, 2017. Jengo lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu. Simu ya kwanza ya zimamoto ilipigwa saa 6:54 usiku. Moto ulikuwa umeanzia kwenye friji, jikoni, ghorofa ya 4. Kwa kawaida ungeishia hapohapo. Lakini wakati wa ukarabati jengo lilikuwa limevishwa nje paneli za aluminiamu zenye plastiki katikati. Moto ulitoka dirishani, ukazishika paneli, na ndani ya nusu saa hivi ukawa umefika juu kabisa kwa kupitia nje.

Sanduku lilikuwa limepasuka, lakini wakazi waliendelea kuambiwa wabaki ndani. Ushauri ulipobadilishwa, ilikuwa imepita zaidi ya saa moja na nusu tangu simu ya kwanza. Ngazi ile moja ilikuwa imejaa moshi. Watu 72 walikufa.

Sasa Uingereza inataka majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18 yawe na ngazi ya pili, sharti linaloanza kutumika Septemba 30, 2026 kwa upande wa England.

Sisi tufanye nini? Kwanza ulizia mpango wa jengo lako, ujue mnatakiwa kufanya nini kengele ikilia. Pili, sheria moja inashinda mipango yote: moto au moshi ukiingia ulipo, au moto ukiwa unapanda nje ya jengo, na ngazi ikiwa inapitika, ondoka. Usisubiri ruhusa ya bosi.

Usikimbilie dirishani

Somo hili ni la kwetu. Agosti 7, 1998, Nairobi, mlipuko mdogo wa kwanza ulisikika karibu na ubalozi wa Marekani. Watu kwenye majengo ya jirani, likiwemo jengo refu la Co-operative Bank, walisogea madirishani kuchungulia kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu kubwa lililipuka na vioo vikawapiga usoni. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi na maelfu walijeruhiwa. Wengi walipoteza macho.

Siku hizi kishawishi ni kikubwa zaidi maana kila mtu ana kamera mfukoni. Ukisikia mlipuko, kaa mbali na vioo, pita upande wa ndani wa jengo, elekea kwenye ngazi. Video utaiona baadaye.

Ukikuta ngazi ina moshi

Kabla ya kufungua mlango wowote, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Ukiwa wa kawaida, fungua kidogo na uchungulie.

Ngazi ya kwanza ikiwa na moshi, jaribu ya pili. Zote zikiwa na moshi, rudi ndani ya chumba chenye dirisha na mlango imara. Kisha:

- Funga mlango. Mlango uliofungwa unaweza kukupa dakika nyingi za uhai.
- Ziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo, taulo au pazia. Ukiwa na maji, lowanisha.
- Piga simu. Usiseme tu "kuna moto". Sema jina la jengo, mtaa, ghorofa, upande uliopo na mko wangapi. Kwa mfano: "Tuko ghorofa ya 14, upande unaotazama baharini, watu watano, mmoja ana pumu."
- Pepea kitambaa cha rangi dirishani, au washa tochi ya simu.
- Usivunje kioo bila sababu. Ukikivunja huwezi kukifunga tena, na moshi wa nje unaweza kuingia.
- Kaa chini karibu na sakafu. Hewa nzuri inabaki chini.

Na usikimbilie juu ya paa ukitegemea helikopta. Moshi unaelekea hukohuko, na kwenye majengo mengi mlango wa paa umefungwa. Septemba 2001 milango ya paa ya minara ile ilikuwa imefungwa, na hakuna helikopta iliyomwokoa mtu juu yake.

Wasioweza kushuka haraka

Kila ofisi ina mtu wa namna hii, hata kama hujamtambua. Mjamzito wa miezi minane. Mzee mwenye magoti mabovu. Mwenye pumu. Anayetumia kiti cha magurudumu. Mwenzako aliyetoka kufanyiwa upasuaji wiki jana.

Mpango wao hauwezi kubuniwa siku ya moto. Wapangiwe wenzao wawili au watatu kwa majina, wakubaliane watasaidiwaje. Kuna viti maalumu vya kushushia watu kwenye ngazi, na mtu mmoja aliyefundishwa anaweza kukitumia. Kama hakipo, mhusika asubiri ndani ya eneo la ngazi, mlango ukiwa umefungwa, na mtu wa kumsindikiza, huku zimamoto wakiambiwa yupo ghorofa gani.

Kwa ndugu zetu walioko Ghuba

Watanzania, Wakenya na Waganda wengi wanafanya kazi na kulala kwenye minara ya Dubai, Doha na Muscat. Huko moto wa kwenye kuta za nje umeonekana zaidi ya mara moja. Desemba 31, 2015, hoteli ya Address Downtown yenye ghorofa 63 iliwaka saa chache kabla ya fataki za mwaka mpya. Polisi wa Dubai walisema chanzo kilikuwa hitilafu kwenye nyaya za taa ya nje. Jengo lingine, Torch Tower, ambalo jina lake lina maana ya mwenge, liliwaka 2015 na likawaka tena 2017. Watu waliweza kutolewa.

Kama unafanya kazi za ndani, omba uonyeshwe ngazi ya dharura wiki ya kwanza. Ukijikuta umefungiwa mlango kwa nje na funguo huna, jua kuwa hilo ni suala la uhai. Liseme kwa mwajiri, na kwa wakala aliyekupeleka. Namba ya zimamoto kwa Falme za Kiarabu ni 997. Oman, piga 9999.

Kagua haya kesho asubuhi

Kazi hii haizidi dakika 20, hata kama uko juu kabisa.

1. Tafuta ngazi mbili tofauti. Hesabu milango kutoka kwenye meza yako hadi kila ngazi. Gizani utahesabu kwa mkono.
2. Shuka kwa miguu hadi chini mara moja tu. NIST iligundua kuwa takriban nusu ya watu waliohojiwa hawakuwahi kutumia ngazi za minara ile kabla ya siku ya tukio.
3. Angalia kama mlango wa chini unafunguka. Usifurahie kufika chini ukakuta kufuli.
4. Tazama kama kuna maboksi, viti vibovu au vifaa vya usafi kwenye ngazi. Havitakiwi kuwepo.
5. Soma kadi ya mtungi wa kuzimia moto. Umekaguliwa lini mara ya mwisho?
6. Jua mahali pa kukusanyika nje. Mtu akikosekana hapo, zimamoto wanaingia kumtafuta. Ukiondoka kimyakimya kwenda nyumbani unawapeleka ndani ya moto bure.

Ukikuta kufuli, utaambiwa ni kwa ajili ya wezi. Kero ya wezi ni ya kweli, lakini ipo dawa nyingine: vipo vitasa vinavyozuia mtu kuingia kwa nje na kumruhusu aliye ndani kutoka kwa kusukuma tu. Mwambie meneja wa jengo kwa maandishi, ujumbe wa WhatsApp kwenye grupu la wapangaji unatosha kuanzia. Asipofanya kitu, wapelekee taarifa zimamoto wa eneo lako. Kukagua majengo ni sehemu ya kazi yao.

Namba za dharura ziweke kwenye simu sasa hivi. Tanzania, zimamoto na uokoaji ni 114, polisi ni 112. Kenya na Uganda, 999 au 112. Ukimaliza, tuma habari hii kwenye lile grupu la ofisi, halafu waulize: nani anajua ngazi ya pili iko wapi?